Namba ya benki iliyochelewa kufika Mbololo

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo tuongee kuhusu kadi za benki na jinsi zinavyotaka kujua kama kweli ni wewe.

Juzi binamu yangu alikuwa nyumbani Mbololo, upande ule wa mlima ambako laini moja inashika na nyingine haishiki. Ilikuwa siku ya mwisho ya kulipia mtihani wa ng'ambo, na hao wanataka kadi tu. Kompyuta ilipata intaneti kupitia laini ya kwanza. Benki ikatuma namba ya kuthibitisha kwa laini ya pili. Alipofika barabarani ndipo ujumbe ukaingia, na aliporudi ukurasa ulikuwa umeshakufa! Mara tatu hivyo hivyo. Mwishowe akapanda matatu hadi Voi, akalipia huko jioni.

Kwa nini kadi inahitaji mzunguko wote huu? Shida ni ya kuzaliwa. Namba iliyo mbele ya kadi ni jina na ufunguo kwa wakati mmoja. Ukimpa muuza duka alipwe, umempa pia uwezo wa kukutoza tena.

Netscape walipotoa SSL mwaka 1995, namba ilianza kusafiri ikiwa imefichwa. Safi, lakini SSL inalinda njia tu. Haiulizi anayeandika namba ni nani. Visa na MasterCard wakaja na SET, toleo la kwanza likatoka 1997. Kwa hesabu ilikuwa kazi nzuri sana: cheti cha kidijitali kwa kila mteja, na duka halioni hata namba ya kadi. Lakini mteja alitakiwa kuweka programu maalumu kwenye kompyuta yake. Nani angefanya hivyo ili anunue kitabu? SET ikafa.

Mwaka 2001 Visa wakaleta 3-D Secure, waliyoitengeneza na Arcot Systems. Hapa duka linakurusha kwa benki yako, benki inakuuliza neno la siri, kisha unarudishwa. Mwaka 2010 Steven Murdoch na Ross Anderson wa Cambridge waliichambua bila huruma: kidirisha kinatokea ndani ya ukurasa wa duka, huoni anwani, na watu wanazoeshwa kuandika siri mahali wasipopajua. Mbona basi ilienea? Kwa sababu duka likiitumia, hasara ya wizi kwa kawaida inatoka kwake na kuhamia benki. Mimi nikisoma historia hii naona pesa zaidi ya hesabu.

Neno la siri likasahaulika ovyo, benki zikahamia namba za SMS. Na hapa Kenya nacheka kidogo. Tangu Machi 2007 tulikuwa na M-Pesa. Namba ya simu ni anwani tu, mwache aijue dunia nzima. Ufunguo ni PIN, unaiandika kwenye simu yako mwenyewe na muuzaji haioni kamwe. Safaricom walipofungua Daraja kwa waandishi wa programu mwaka 2017, duka la mtandaoni likaweza kuomba malipo na swali likatokea kwenye simu yako. Mistari michache ya kodi, nilishangaa nilipoijaribu mara ya kwanza. Bila mtandao nayo haifanyi kazi, kweli, lakini hakuna namba ya kukimbiza kutoka kifaa kimoja hadi kingine kabla saa haijaisha.

EMVCo walitoa 3-D Secure ya pili mwaka 2016, na Visa wakaizima ile ya kwanza Oktoba 2022. Ya pili hupeleka kwa benki habari za kifaa na ununuzi wenyewe, ili malipo yasiyotia shaka yapite bila swali. Benki pia inaweza kukuuliza ndani ya programu yake, kwa alama ya kidole. Ila benki nyingi bado hutuma SMS, ndiyo maana wezi huhangaika kuhamisha laini ya mtu: ukiishika laini, umeshika ufunguo.

Kwa hiyo binamu alipotaka benki ihamishe namba zake kwenye laini inayoshika nyumbani, walikataa kufanya hivyo kwa simu. Ilibidi ateremke Voi tena, na kitambulisho mkononi. Alinipigia akiwa kwenye foleni, ananiuliza kama hao ndio watu ninaowaandikia programu.