Watoto na Dansi ya Krismasi: Historia ya The Nutcracker

The Nutcracker ni dansi ya bale ya sehemu mbili inayochezwa kila Desemba katika miji mingi ya Marekani, kuanzia kumbi kubwa za New York hadi majukwaa ya shule. Kwa Wamarekani wengi ndiyo bale ya kwanza kuitazama, na pengine ya mwisho. Aliyepelekwa utotoni naye humpeleka mwanawe. Desturi hii hudhaniwa kuwa kongwe, ilhali haijatimiza hata miaka 100.

Kisa chenyewe kilitoka Ujerumani. Mwaka 1816 E.T.A. Hoffmann alichapisha hadithi ya msichana anayepewa, mkesha wa Krismasi, mwanasesere wa mbao wa kubangulia kokwa. Usiku mwanasesere huyo anapigana na jeshi la panya. Mfaransa Alexandre Dumas aliisimulia upya mwaka 1844, akaipunguzia vitisho, na masimulizi yake ndiyo yaliyotumika Urusi kutengenezea bale hii. Marius Petipa alipanga mtiririko wa dansi, Pyotr Tchaikovsky akatunga muziki. Petipa alipougua, kazi ya kubuni miondoko ilimwangukia msaidizi wake, Lev Ivanov.

Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 18 Desemba 1892 katika Ukumbi wa Mariinsky, St Petersburg. Wahakiki hawakuridhika. Walilalamika kwamba sehemu ya kwanza imejaa watoto, na kwamba nyota wa dansi haonekani mpaka usiku umekwenda. Kwa vipimo vya bale ya wakati ule walikuwa na hoja: watu walikata tiketi wamwone nyota, si wanafunzi wakikimbizana na panya. Tchaikovsky alifariki mwaka uliofuata.

Hata hivyo, watoto hao ndio waliokuja kuiokoa dansi hii. Mmoja wa wanafunzi walioicheza Urusi baadaye ni George Balanchine, aliyezaliwa mwaka 1904 na kuhamia Marekani mwaka 1933. Hakuwa wa kwanza kuipeleka huko nzima nzima: San Francisco Ballet, chini ya Willam Christensen, ilimtangulia mkesha wa Krismasi wa 1944, wakati wa vita. Lakini toleo la Balanchine, lililoanza New York tarehe 2 Februari 1954, ndilo lililoipa Marekani desturi. Ndani yake aliweka kumbukumbu za utoto wake, na nafasi nyingi akawapa watoto. Mti wa Krismasi hauwi pambo tu. Hurefuka mbele ya watazamaji, na siku hizi hufikia zaidi ya mita 12. Theluji ya vipande vya karatasi huwaangukia wachezaji. Katika sehemu ya pili, watoto wanane huchomoza chini ya sketi pana ajabu ya mama mmoja, ambaye kwa kawaida huchezwa na mwanamume.

Televisheni ya CBS iliirusha mwaka 1957 na tena 1958, nayo ikaingia sebuleni mwa watu. Shule za bale za mitaani ziliigundua faida yake haraka: kila mtoto aliyevaa mkia wa panya ana wazazi, bibi na shangazi wanaonunua tiketi. Mwanafunzi huanza na panya au askari, na akidumu miaka, hupanda hadi dansi ya theluji. Kwa vikundi vingi, mapato ya Desemba ndiyo yanayogharimia dansi nyingine za mwaka mzima, jambo ambalo wasanii huliungama huku wakilalamika kwamba wamechoka na muziki huo.

Haikukosa lawama. Dansi ya Kichina ya sehemu ya pili ililaumiwa kwa kuwakejeli Waasia, na mwaka 2017 New York City Ballet ilibadilisha baadhi ya maleba na miondoko yake.

Afrika Mashariki nayo imeipokea. Jijini Nairobi, wanafunzi wa Dance Centre Kenya wamekuwa wakiicheza mwishoni mwa mwaka katika Kenya National Theatre, na huko pia wachezaji wengi ni watoto.