Nyumba Njema si Mlango

Wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake ni kwamba uzuri wa nje haumwambii mtu habari zote za ndani. Methali hiyo yafaa kwa nyumba, na yafaa zaidi kwa mtaa mzima. Wewe msomaji, huenda wazazi wako wamekwisha kuhamia viungani mwa mji mkubwa, au huenda siku moja wewe mwenyewe utatafuta mahali pa kulea watoto karibu na kazi ya mjini. Jambo la kwanza ambalo watu huuliza ni kodi, na la pili ni ukubwa wa sebule. Lakini mtaa wenye kufaa watoto hujulikana kwa mambo mengine, nayo twaweza kujifunza kwa kutazama jinsi mitaa ya Nairobi ilivyozaliwa.

Nairobi haikuchaguliwa iwe makao ya watu. Wamasai walipaita mahali pale Enkare Nairobi, yaani maji baridi, nao walinywesha ng'ombe wao hapo. Reli kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899, wahandisi walipenda uwanda ule kwa kuwa ulikuwa tambarare, na mbele yake kulikuwa na milima migumu ya kupanda. Walitaka nafasi ya kupanga magari ya moshi na kujenga karakana. Kama ardhi ilikuwa na kinamasi, hilo halikuwashughulisha sana. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wakaamuru soko hilo lichomwe moto. Tazama basi: mji haukuwa umetimiza hata miaka minne, na tayari watu walikwisha kulipa gharama ya kukaa mahali ambapo palichaguliwa kwa faida ya reli.

Mji ulipokua, watu waligawanywa kwa rangi zao. Mwaka 1913 alikuja daktari mmoja, Profesa Simpson, kuchunguza hali ya afya katika miji ya nchi hii, naye akashauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali. Wazungu walikwisha kujitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu usiotuamisha maji, na kivuli cha miti. Upande wa mashariki ulikuwa uwanda wa udongo mweusi, ambao wakati wa mvua hunata miguuni na wakati wa jua hupasuka. Huko ndiko Waafrika walikoonyeshwa mahali pao. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilikataa kuwatenga Wahindi na Wazungu mijini kwa nguvu ya sheria. Hata hivyo, masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja yaliendelea kufanya kazi ileile kimyakimya.

Waafrika waliokuja mjini walikuwa wamejijengea vijiji vyao wenyewe, na mojawapo kilikuwa Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilipima mahali papya, Pumwani, ikataka watu wote wahamie huko. Pumwani watu walipewa viwanja wakajenga nyumba za Kiswahili kwa miti na udongo, zenye vyumba vya kupangisha. Na miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi. Watu wa Pangani walishikilia kijiji chao kwa miaka mingi, lakini mwaka 1939 kilimalizika kubomolewa, na wengi wao wakapelekwa Shauri Moyo, mtaa uliojengwa na baraza la mji. Jina la mtaa huo lakumbusha mtu kushauriana na moyo wake, ingawa kwa kweli waliohamishwa hawakuwa na nafasi kubwa ya kushauriana na yeyote.

Sasa tufikie jambo lililo zito kuliko yote. Katika siku zile mwanamume Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa muda katika mji. Alichukua kipande shingoni, na mshahara wake ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, mtu hakupangishwa nyumba, alipangishwa nafasi ya kitanda katika chumba alimolala pamoja na wenzake. Mke alibaki shamba akilima, na watoto walimwona baba yao wakati wa likizo. Kipande kiliondolewa mwaka 1947, lakini mpaka mwaka 1954 ndipo kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter iliposhauri kwamba mshahara uwe wa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake. Kwa hiyo, mtu asemapo leo kwamba anatafuta mtaa unaofaa familia, anasema neno ambalo babu zetu wengi hawakuruhusiwa hata kulifikiria.

Hata hivyo fikira mpya zilikwisha kuanza kuingia. Huko Uingereza, Ebenezer Howard alikuwa ameandika mwaka 1898 juu ya miji yenye bustani, na mwaka 1903 mji wa namna hiyo ulianzishwa Letchworth. Baadaye, Mmarekani Clarence Perry alifundisha kwamba mtaa upangwe kuizunguka shule, ili mtoto aifikie kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Fikira hizo zilifika Nairobi. Katika miaka ya 1940 ulijengwa mtaa wa Kaloleni, wenye nyumba za mawe na matofali zilizozungukwa na majani, ukumbi wa mikutano, shule, maduka na viwanja vya michezo. Mpango mkuu wa mji uliochapishwa mwaka 1948 ulieneza mawazo ya namna hiyo. Wapangaji wa mpango huo hawakuondoa ubaguzi. Lakini walikubali jambo moja kubwa, kwamba Mwafrika naye ana watoto, na kwamba watoto huhitaji mahali pa kucheza.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, rangi haikuwa tena kizuizi. Fedha ikachukua nafasi yake. Katika miaka ya 1970 ulianza mtaa wa Buruburu, uliojengwa kwa awamu, ambao wafanyakazi wa ofisini na walimu waliweza kununua nyumba kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Umoja ulijengwa kwa ajili ya wenye kipato kidogo zaidi. Dandora, mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia tangu mwaka 1975, uliwapa watu viwanja vyenye maji na choo, kila mtu akamalizia nyumba yake kwa uwezo wake. Lakini karibu na makao hayo ikawekwa jaa kubwa la taka za mji mzima. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba jaa hilo limejaa, na bado taka ziliendelea kumwagwa, na moshi wake ukaendelea kuingia katika nyumba na madarasa.

Mwaka 1969 Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Mwaka 2019 walihesabiwa watu 4,397,073. Mji ulimwagika nje ya mipaka yake: Ruiru, Juja, Kikuyu, Ngong, Ongata Rongai, Kitengela na Syokimau. Mwaka 2012 barabara pana ya Thika ilifunguliwa, na mwaka huohuo stesheni ya reli ya Syokimau. Kama mwaka 1899, njia ya kusafiria ndiyo iliyowaita watu, na nyumba zikaja kabla ya shule na mabomba ya maji.

Je, historia hii yatufundisha nini tunapochagua? Kwanza, tazama ardhi kabla ya nyumba. Uliza maji ya mvua huelekea wapi. Wale waliofurikiwa Mathare na Athi River katika mvua za mwaka 2024 hawakuonywa na rangi ya ukuta. Pili, ionje na kuipima chemchemi ya maji. Visima vingi vya pande za Nairobi vina floraidi, ambayo ikizidi huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia isiyofutika. Tatu, chunguza hati. Mwezi wa Novemba mwaka 2011 nyumba nyingi za Syokimau zilibomolewa kwa sababu ya ardhi iliyogombaniwa na uwanja wa ndege. Wenyewe walikuwa na karatasi walizoziamini. Karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji haitoshi. Ile iliyo katika daftari la serikali ndiyo yenye neno. Nne, tembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi shuleni, saa ambayo watoto huenda shuleni, ukahesabu barabara watakazovuka. Tano, hesabu saa ambazo mzazi atakuwa njiani. Mzazi atokaye nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala amerudia, kwa hiari yake, maisha ya wale wa zamani waliopangishwa kitanda.

La mwisho ni majirani. Watu wa Pangani hawakukipenda kijiji chao kwa ajili ya kuta za udongo. Walipenda kuishi na watu waliozikana na kuolezana. Mtaa huwa mwema pale watu wanaposhika zamu ya kusafisha mtaro, wanapoulinda uwanja wa watoto usinyakuliwe, na wanapokwenda barazani kudai shule. Kaloleni ilipewa ukumbi. Lakini waliougeuza ukumbi ule kuwa mahali pa mikutano ya kudai haki ni wakazi wenyewe. Basi, msomaji, utakapofika wakati wako wa kuchagua, uutumie vema uhuru huo, maana haukuwako siku zote. Na ukiisha kuchagua, usikae kama mgeni wa muda. Fungua mlango, uingie ndani, ushike kazi ya mtaa pamoja na wenzako.