Ruhusa ya Maji: Waongoza Njia wa Luapula na Ziwa Mweru

Mgeni anayefika leo Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, na kukodi boti ya kumvusha hadi kisiwa cha Kilwa au Isokwe, au ya kumpeleka kusini kwenye vinamasi vya mto Luapula, huhesabu kwamba amelipia huduma. Kuna mwenye chombo, kuna anayejua njia, kuna viboko, mamba na ndege wa kutazamwa, basi. Wanahistoria wengi wa safari nao wamewaweka waongoza njia wa zamani katika daraja hiyo hiyo ya watumishi, nyuma ya jina la Mzungu aliyeandika kitabu. Nadhani wamekosea. Tangu Mwata Kazembe (cheo cha wafalme wa Walunda) alipojikita katika bonde hili karne ya 18 hadi Waingereza walipouchoma moto mji wake mwaka 1899, kuongozwa katika maji haya kulikuwa ruhusa kabla ya kuwa huduma, na aliyetoa ruhusa ndiye aliyeamua mgeni aone nini na aishie wapi.

Sababu ya kwanza iko katika maji yenyewe. Hapa si msitu mmoja mnene kama wa Ituri. Kuna miyombo kwenye ardhi ya juu, vipande vya msitu wa kijani kibichi kandokando ya vijito, ambao wenyeji huuita mushitu, na kisha eneo kubwa la mafunjo ambako nzohe hujificha, kwato zake ndefu zikimwezesha kutembea juu ya tope. Luapula hutoka ziwa Bangweulu, hushuka maporomoko ya Mambilima, halafu hutawanyika katika vinamasi kabla ya kuingia Mweru, ziwa lenye urefu wa kilomita 130 hivi. Humo njia hazidumu. Mafunjo hung'oka na kuelea, mkondo uliopitika wakati wa mvua huziba kiangazi, na maji yaliyokuwa wazi hugeuka ukuta wa majani. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana kwa kuvua samaki mahali pamoja mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ulikuwa mali ya watu wa mahali pale. Masimulizi ya bondeni yanaeleza kwamba Nachituti, dada yake Nkuba, mkuu wa Washila, alimkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji baada ya kaka yake kumuua mwanawe. Kazembe akawa mtawala, lakini koo za zamani zilibaki na neno lao juu ya maji ya uvuvi. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeishi Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, alizikuta koo hizo bado zikijua kila moja ilipo haki yake.

Tazama sasa yaliyowapata wageni. Francisco José de Lacerda, gavana wa Kireno, alifika kwa Kazembe Oktoba 1798 akitaka kuvuka hadi Angola. Alifariki mwezi huo huo, na wenzake hawakuruhusiwa kwenda magharibi, wakarudi Tete, Msumbiji, walikotoka. Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika waliotumwa kutoka Angola na bwana wao, walifika mwaka 1806 wakazuiwa kwa takriban miaka minne. Walipoachiliwa waliingia Tete mwaka 1811, wakawa wa kwanza kuandikwa kwamba wamevuka bara kutoka upande hadi upande. Msafara wa Monteiro na Gamitto wa 1831 nao uliishia hapo hapo. Watu wa pwani yetu hawakuachwa: Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekutwa na msafiri David Livingstone mwaka 1867, alikuwa amezuiwa kwa Kazembe kwa miaka mingi. Livingstone mwenyewe aliiona Mweru Novemba mwaka huo, akataka kwenda Bangweulu. Wengi wa watu wake walikataa kumfuata, naye akangoja mjini kwa Kazembe mpaka Juni 1868 ndipo akaondoka.

Mtu atasema kwamba huo ulikuwa unyang'anyi tu wa mtawala mwenye tamaa ya hongo, na kwamba njia hizo hizo zilipitisha watumwa na pembe. Ni kweli, na sitaki kuupaka rangi ukweli huo. Aliyejua mkondo wa kutorokea alijua pia mkondo wa kusafirishia mateka, na mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili haoni haya kueleza vita vyake na Nsama, mkuu wa Watabwa, kaskazini mashariki ya ziwa. Lakini pingamizi hilo linaimarisha hoja yangu. Mtumishi hawezi kumzuia bwana wake miaka minne. Uwezo ule uliotumika vibaya ulikuwa uwezo wa kweli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: waongoza njia hawakuandika, basi tunawasikia kwa vinywa vya waliowalalamikia. Kwanza, si kila aliyeandika alikuwa Mzungu: Baptista aliandika shajara. Zaidi ya hapo, malalamiko ni ushahidi mzuri kwa sababu mlalamikaji hakukusudia kumsifu mtu. Kila anapoandika kwamba mitumbwi imechelewa au kirangozi ameshika njia asiyoitaka, msafiri anakiri kwamba uamuzi haukuwa wake. Mwanzoni mwa 1873 Livingstone alirudi Bangweulu akiwa na vipimo vyenye kosa vya safari ya 1868, na ramani yake haikulingana na maji aliyoyakuta. Mkuu Matipa aliahidi mitumbwi kisha akaichelewesha siku baada ya siku. Livingstone, mgonjwa na katikati ya mvua, alizunguka vinamasi, na tarehe 1 Mei akafariki kijijini kwa Chitambo. Alikuwa na vyombo vya kupimia nyota. Alichokosa ni kibali cha watu waliojua maji.

Ukoloni ndio uliovunja mpango huo wa ruhusa. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, waliugeuza Luapula kuwa mpaka, na karibu na mwaka 1910 watawala waliwahamisha watu kando ya mto na ziwa kwa hofu ya malale. Waliporudi walikuta ruhusa ya maji imehamia ofisini. Huko ndiko alikozaliwa mwongozaji tunayemjua leo, anayelipwa kwa siku na kuulizwa tu viboko wako wapi. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na sheria hiyo ina maana kwa samaki. Ila utalii wa majini unaopangwa Nchelenge ukiwapa wavuvi kafi peke yake, bila sauti kuhusu mkondo upi ufunguliwe kwa wageni na upi uachiwe samaki na nzohe wazaliane, utakuwa umeendeleza mpango wa 1910 na kuupuuza ule uliodumu karne moja na nusu kabla yake.