Kutoka Lukuga hadi Umatengo: Maji ya Mgodi Yaende Wapi?

Msafiri Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 mahali mto Lukuga unapotokea ziwani, ulipo leo mji wa Kalemie nchini Kongo, aliukuta mto umezibwa na mchanga, tope na majani. Ziwa Tanganyika halina mto mwingine wa kulitolea maji, nalo lilikuwa likipanda. Msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1876, kizuizi kilikuwa bado kipo. Mwaka 1878 maji yakakipanda, yakakila, yakakisomba. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita 10.

Ukuta wa udongo, maji yanayopanda nyuma yake, na njia ya kutokea iliyozibika: hiyo ni mojawapo ya njia za kawaida ambazo mabwawa ya topesumu, yaani tope la taka za migodi, hubomoka. Si yote, maana mengine humomonyoka kwa ndani kabla maji hayajafika juu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulipasuka na tope likaingia mashambani na majumbani. Tarehe 18 Februari 2025 ikawa zamu ya Chambishi nchini Zambia. Majitaka yenye tindikali kutoka mgodi wa shaba yaliingia mto Mwambashi, kisha Kafue, hadi wakazi wa Kitwe wakakatiwa maji ya bomba.

Wahandisi wa migodi hurithishana kanuni moja: maji safi yasikutane na maji machafu. Juu ya shimo huchimbwa mtaro wa kukinga, ili mvua ya mlimani izunguke na kwenda zake. Maji yaliyogusa kifusi huelekezwa kwenye bwawa la kutuamisha tope, na ukuta wa bwawa huachiwa nafasi ya kutosha juu ya maji kwa ajili ya mvua kubwa. Ni busara, hasa katika bonde la Lukuga, magharibi mwa Kalemie, ambako Wabelgiji walichimba makaa ya mawe. Makaa mara nyingi huwa na piriti, madini yenye salfa. Piriti ikikutana na hewa na mvua huzaa tindikali, na mawe ya kijitoni hugeuka rangi ya chungwa. Tindikali hupozwa kwa chokaa, na mawe ya chokaa hayako mbali: kiwanda cha saruji cha Kabimba, kusini mwa mji, kilijengwa kwa sababu yake.

Sasa tuvuke ziwa hadi Mbinga, kusini mwa Tanzania. Wamatengo, wenyeji wa huko, hulima kwenye miteremko mikali, na mvua yao si ya mchezo. Msimu wa mvua unapoelekea mwisho, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba mlima mzima. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani hayo. Yanabaki mashimo, yaani ngoro, yaliyozungukwa na matuta yenye mbolea ndani yake. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata. Mvua ikinyesha, kila shimo hunywa sehemu yake, na tope likitoka tutani huishia shimoni, halifiki mtoni.

Mhandisi hukusanya, Mmatengo hutawanya. Wapenzi wa maarifa ya jadi wasishangilie mapema: ukiyatawanya maji yenye tindikali kwa mtindo wa ngoro, utakuwa umeyapeleka kwenye visima vya majirani. Hapo mhandisi ndiye mwenye haki. Lakini kwenye mteremko wa juu ambao haujachimbwa, na kwenye vifusi visivyo na sumu vinavyosubiri kuoteshwa majani, ningemwajiri Mmatengo.

Sababu yangu ni utunzaji. Ngoro huchimbwa upya kila baada ya miaka miwili hivi, na anayeichimba ndiye anayekula maharage yake. Mtaro wa mgodi husafishwa na kibarua maadamu kuna mshahara. Mshahara ukikatika, mtaro hujaa mchanga kama Lukuga ya Cameron, na mvua hutafuta njia yake yenyewe. Nendeni Manono, katika jimbo la Tanganyika, lilelile la Kalemie. Kampuni ya Géomines ilichimba bati huko enzi za ukoloni. Kilichobaki ni vilima vya kifusi na mashimo yaliyojaa maji, na wachimbaji wa mikono wanaendelea kuosha mchanga kutafuta kasiteriti, madini ya bati. Makampuni nayo yamekuwa yakigombania lithiamu ya hapohapo kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa, na mvua haingoji hukumu.

Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inamtaka mwenye leseni afanye tathmini ya mazingira na aweke dhamana ya fedha za kukarabati ardhi. Dhamana hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya yule mkulima anayerudi shambani kwake. Kwa hiyo wabunge wa jimbo mnaokaa Kalemie, mradi ukiletwa mbele yenu, msiishie kutazama ramani ya mitaro. Ulizeni dhamana ni kiasi gani, imewekwa benki gani, na nani atalipwa kuizibua mitaro hiyo mwaka wa kumi baada ya mgodi kufungwa. Majibu yabandikwe mahali ambapo watu wa bondeni wanaweza kuyasoma, kwa Kiswahili.