Kwa Nini Reli Hutandikwa Juu ya Kokoto

Reli hailazwi juu ya udongo mtupu. Chini ya vyuma kuna mataruma ya mbao, chuma au zege, na chini ya mataruma hutandazwa tabaka la kokoto ambalo kwa kawaida huwa na unene wa sentimita 25 hadi 30. Ndivyo ilivyo katika Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na ndivyo ilivyo katika TAZARA.

Kokoto hizo si mawe yoyote. Huvunjwa kutoka miamba migumu kama graniti, nazo sharti ziwe na pembe kali. Changarawe ya mtoni, iliyolainishwa na maji, huteleza. Jiwe lenye pembe hung'ang'ania jirani yake.

Gurudumu la behewa hugusa reli katika eneo dogo, takriban ukubwa wa sarafu. Taruma huupanua uzito huo, kokoto huupanua zaidi, hata tuta la udongo likaweza kuustahimili.

Joto nalo lina nguvu zake. Kilomita moja ya reli, kama isingezuiwa, ingerefuka kwa takriban sentimita 35 joto linapopanda kwa nyuzi 30. Kokoto zilizojazwa kati ya mataruma na pembeni mwake ndizo huizuia njia isipinde. Anayezichota kando ya reli kwa ajili ya ujenzi huondoa kizuizi hicho, ingawa kwa macho reli huonekana imenyooka vilevile.

Mapengo kati ya mawe hupitisha maji ya mvua upesi, udongo usigeuke tope. Hata hivyo, kokoto hazikuumbwa kushindana na mto. Kati ya Kilosa na Gulwe, ambako Reli ya Kati hufuata bonde la Mto Mkondoa, mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta na kukatiza safari za treni.

Kadiri miaka inavyopita, vumbi na mawe yaliyosagika huziba mapengo. Hapo hulazimu kokoto zichekechwe au zibadilishwe, kisha zishindiliwe upya chini ya mataruma. Dalili ya kasoro huonekana baada ya mvua: treni ikipita, taruma huzama na kuinuka, likirusha tope jeupe juu ya mawe.