UZI: Nani yuko kwenye ramani ya Nairobi?

1/ Kila mjadala wa mitaa ya mabanda ukiwaka, mmoja atasema "hao ni wavamizi, wabomolewe," mwingine atajibu "ni wapiga kura wetu, waachwe." Mimi huuliza swali moja: hao watu wako kwenye ramani? Twende na historia kidogo.

2/ Ubaguzi wa mji huu ulianzia kwenye karatasi. Reli ilifika 1899, na baadaye wakoloni wakagawa makazi kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye miinuko, Waafrika mashariki. Mpango mkuu wa 1948 uliitwa mpango wa mji mkuu wa koloni. Jina tu linakwambia ulikuwa wa nani.

3/ Sasa angalia Kibera. Wanubi, wengi wao askari wa zamani wa KAR, wameishi huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini hadi 2009, ukifungua ramani za mtandaoni, Kibera ilikuwa karibu doa tupu. Mwishoni mwa mwaka huo vijana wa mtaa walishika GPS, wakapita kila kichochoro wakiweka alama: choo, bomba la maji, zahanati, shule. Mradi huo ni Map Kibera.

4/ Hapo ndipo GIS inaingia, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia. Fikiria ramani zimepangwa moja juu ya nyingine: nyumba, mto, maji taka, stima, mwenye hati ya shamba. Ukizisoma pamoja unaona choo kimoja kinatumiwa na nyumba ngapi, na bomba likipita wapi litafikia wengi. Mwanasiasa akisema "haiwezekani," unamuonyesha.

5/ Mukuru ilionyesha nguvu yake. Ardhi kubwa ya huko iligawiwa watu binafsi miaka ya 70 na 80 ili wajenge viwanda vidogo. Wengi hawakujenga, wananchi wakaishi. Wakazi wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji walijihesabu na kuchora mtaa wao. Data ikaonyesha kuwa mtu wa Mukuru hununua maji ghali kuliko aliye kwenye estate yenye mfereji. Ile hoja ya "hawawezi kulipa" ikaisha hapo. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru eneo maalum la mipango. Tunaongelea kaya kama 100,000.

6/ Lakini tusidanganyane. Mwaka wa 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu wakalala nje. Mtaa ulikuwa umeshachorwa. Ramani inakupa ushahidi. Kuufanya uheshimiwe ni kazi ya siasa, na hiyo ni yetu.

7/ Sheria tunayo. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10 unaotegemea GIS. Kwa hivyo mwaniaji akija kwenu na leso na unga, muulizeni: mpango wa kaunti yetu uko wapi? Bunge la kaunti liliupitisha lini? Na mtaa wetu umechorwa kama makazi, ama kama shamba tupu?