Nyota Ipumuayo

Katika mji wa York, Uingereza, mwaka wa 1784, alikuwako kijana wa miaka 20 ambaye kila usiku usio na mawingu alikaa dirishani akizitazama nyota. Jina lake John Goodricke. Alizaliwa Groningen, Uholanzi, na ugonjwa wa utotoni ulimwachia uziwi. Lakini usifanye haraka kumwonea huruma, ewe msomaji, maana mwaka uliotangulia Royal Society ya London ilikwisha kumtunukia nishani ya Copley, kwa kazi yake juu ya nyota iitwayo Algol.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo wa 1784 Goodricke alitambua kwamba nyota nyingine, Delta ya kundi la Cepheus, haitulii. Hakuwa na chombo cha kupimia nuru. Alichofanya ni kuilinganisha na jirani zake. Usiku mmoja aliiona inakaribia kulingana na nyota Zeta. Siku chache baadaye imefifia hata kushindwa na Epsilon. Aliandika, akahesabu, kisha akatangaza kwamba kupanda na kushuka kwake huchukua siku 5 na zaidi ya saa 8. Vipimo vya leo vyasema siku 5, saa 8 na dakika 48 hivi, na hesabu ya kijana yule haikupotoka hata robo saa. Alifariki tarehe 20 Aprili 1786, naye hajatimiza miaka 22.

Kwa nini nyota ibadilike? Habari za Algol zilikuwa rahisi: nyota moja huifunika nyingine. Wataalamu wengi walidhani kwamba Delta nayo ni nyota mbili zinazozungukana, hata mwaka wa 1914 Harlow Shapley wa Marekani alipoonyesha kwamba dhana hiyo haifai. Delta huvimba na kunywea, kana kwamba inapumua. Gesi ya heliamu iliyo ndani yake inapobanwa huizuia nuru isitoke. Joto hukusanyika chini yake, mfano wa mvuke chini ya kifuniko cha sufuria, mpaka tabaka za juu zisukumwe nje. Zikiisha kupanuka hupoa, nuru hupata njia, na uzito wa nyota wenyewe huzirudisha ndani. Wala usidhani kwamba hung'aa zaidi inapokuwa kubwa kabisa. La, hung'aa zaidi ingali ikipanuka kwa kasi, kwa kuwa hapo ndipo uso wake una moto mwingi.

Hayo ni mazuri kuyajua, lakini nyota za namna hii, ziitwazo Sefeidi, zisingalipata sifa kubwa kama si mwanamke mmoja.

Fikiri kwamba umesimama usiku ufukoni mwa Ziwa Victoria, na wavuvi wa omena wamewasha karabai zao. Unaona taa moja kali na nyingine hafifu. Je, ile hafifu ni ndogo, au iko mbali tu? Huwezi kujua. Taabu hiyo hiyo iliwasumbua wanafalaki wote. Nyota za karibu waliweza kuzipima kwa hila za hesabu, lakini zilizo mbali sana hawakuwa na kamba ya kuzifikia.

Henrietta Leavitt alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1868. Naye masikio yake yalidhoofika alipokuwa mtu mzima. Katika kituo cha falaki cha Harvard alikuwa mmoja wa wanawake walioajiriwa kuhesabu na kupima, kwa ujira wa senti 30 za dola kwa saa. Kazi ya darubini ilikuwa ya wanaume. Yeye alipewa sahani za kioo zilizopigwa picha huko Arequipa, Peru, azichunguze nukta kwa nukta. Mwaka wa 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 zenye kubadilika katika Mawingu mawili ya Magellan, ambayo kwa kweli ni makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali mno. Humo aliandika kwamba nyota zenye nuru nyingi zaidi ndizo zenye mwendo wa taratibu zaidi.

Tazama alivyoitatua taabu ya zile karabai. Nyota zote za Wingu Dogo ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, kama taa za kijiji kimoja ng'ambo ya ziwa. Basi inayoonekana kali ni kali kweli. Mwaka wa 1912, kwa nyota 25 za Wingu hilo, alithibitisha kwamba ukijua siku za mpigo wa Sefeidi umejua ukali wake wa kweli. Na ukiulinganisha ukali huo na nuru ifikayo machoni, umbali wapatikana. Taarifa hiyo ilitoka kwa jina la mkuu wake, Edward Pickering, ingawa mstari wake wa kwanza wakiri kwamba imetayarishwa na Bibi Leavitt. Baadaye alipewa kazi nyingine ya kupima, na kamba yake ikatumiwa na wengine. Mimi naona hilo lilikuwa dhuluma, hata kama wenyewe waliliona kuwa desturi.

Mwezi wa Oktoba 1923 Edwin Hubble, juu ya Mlima Wilson huko California, aliona Sefeidi katika wingu la Andromeda. Akahesabu kwa kanuni ya Leavitt, akapata umbali wa miaka ya nuru 900,000 hivi. Hesabu ilikuwa fupi mno, maana leo twajua ni kama milioni 2.5, lakini ilitosha kuonyesha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe yetu. Mwaka wa 1925 mtaalamu wa hesabu wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia Leavitt barua akitaka kumpendekeza kwa tuzo ya Nobel. Hakuwa na habari kwamba alikwisha kufa Desemba 1921.

Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikipumzika na mwezi usiwepo, toka nje saa mbili za usiku mahali pasipo taa. Upande wa kaskazini, kiasi cha theluthi ya njia kutoka upeo hadi utosini, itafute Delta pamoja na Zeta na Epsilon, uzilinganishe kwa siku sita mfululizo. Kisha geuka kusini. Chini, karibu na upeo, Wingu Dogo huonekana kama ukungu mweupe. Goodricke hakuweza kuliona kutoka York, wala Leavitt kutoka Massachusetts, kwa sababu huko halichomozi kamwe.